Kibanio cha darubini: Kifaa kidogo kinachobeba usalama wa msafara wa uwindaji Rungwa

Na Mwandishi Wetu, Singida

MWINDAJI anayeingia katika Pori la Akiba la Rungwa, mkoani Singida, hukagua mambo mengi kabla ya kufyatua risasi ya kwanza. Hukagua leseni yake, kibali cha silaha, aina ya risasi na hali ya mtutu. Kifaa kimoja, hata hivyo, aghalabu husahaulika mpaka kitakapoleta madhara, nacho ni kibanio kinachoishika darubini juu ya bunduki.

Kibanio hicho ni kipande cha chuma au alumini chenye uzito usiofikia nusu kilo. Licha ya udogo wake, ndicho kinachoamua iwapo darubini na mtutu vitatazama mahali pamoja. Vikitofautiana hata kidogo, mnyama hujeruhiwa badala ya kufa, na kazi ya kumfuata hugeuka kuwa hatari kwa watu wasiohusika kabisa na uteuzi wa kifaa hicho.

Mkoani Singida hatari hiyo ni kubwa kuliko katika maeneo mengi kutokana na hali ya pori lenyewe. Makala haya yanaeleza aina za vibanio vinavyofunguliwa kwa haraka, namna vinavyofanya kazi, na mambo ya kuzingatia katika kuvichagua.

Pori lenye sura mbili

Wilaya ya Manyoni, pamoja na eneo la Halmashauri ya Itigi, ndiyo yenye Mapori ya Akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, yanayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mapori hayo yanasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), iliyoanzishwa mwaka 2014 na kuanza kazi mwaka 2016. Ndani yake mna vitalu vya uwindaji wa kitalii, na msimu wa uwindaji hufunguliwa mwezi Julai, wakati wa kiangazi.

Sehemu kubwa ya mapori hayo ni miombo na mbuga za wazi, ambako mwindaji anaweza kumwona mnyama kutoka mbali. Hapo darubini humsaidia sana. Humwezesha kutofautisha dume na jike, kumtambua mnyama mwenye umri unaoruhusiwa, na kuchagua mahali pa kupiga.

Mkoa huo pia una uoto wa aina ya pekee unaojulikana kwa wataalamu wa mimea duniani kote kuwa ni vichaka vya Itigi. Ni msitu mfupi, wenye urefu wa mita tatu hadi tano hivi, ambao matawi yake yamesongamana kiasi cha mtu kushindwa kupita akiwa wima. Uoto unaofanana nao hupatikana pia kaskazini mwa Zambia, karibu na Ziwa Mweru Wantipa.

Katika vichaka vya namna hiyo mtu hawezi kuona zaidi ya hatua chache mbele yake. Nyati aliyejeruhiwa huingia humo, husimama kimya, na husubiri. Anapotoka, aliye mbele hupewa muda wa kufyatua risasi moja, pengine mbili.

Kwa umbali huo, darubini iliyowekwa kukuza vitu mara nne au sita huwa kikwazo. Kinachoonekana ndani yake ni ngozi nyeusi na majani, bila kujulikana ni bega au ni tumbo. Ndiyo sababu wawindaji wengi wa wanyama hatari hutaka darubini inayoweza kuondolewa kwa sekunde chache ili watumie vilengeo vya chuma vilivyo juu ya mtutu.

Sababu tatu za kuhitaji kibanio cha haraka

Sababu ya kwanza ndiyo hiyo ya kufuata mnyama aliyejeruhiwa katika kichaka kinene.

Ya pili ni safari. Bunduki ya mwindaji mgeni hupita katika viwanja vya ndege, kisha husafirishwa kwa gari kwa saa nyingi katika barabara za vumbi. Darubini inayoweza kuondolewa hufungwa peke yake katika mkoba laini, mbali na mitikisiko na kugongwa.

Ya tatu ni dharura. Darubini inaweza kuvunjika kioo au kuingia ukungu ndani. Mwindaji mwenye darubini ya pili, iliyokwisha kufungwa katika vibanio vyake na kuoanishwa na bunduki ileile, huibadilisha na kuendelea na kazi bila kurudi kambini.

Ni vyema kueleza pia kwamba si kila mwindaji anahitaji kifaa hiki. Zipo darubini za kisasa ambazo ukuzaji wake huanzia moja, yaani kitu huonekana kwa ukubwa wake wa kawaida. Mtumiaji huweza kuacha macho yote mawili wazi na kulenga kwa haraka hata kwa mnyama aliye karibu. Mwenye darubini ya namna hiyo, na ambaye amezoea kuitumia, anaweza kuridhika na kibanio cha kudumu kilichokazwa kwa skrubu. Kibanio cha kudumu kina sehemu chache zaidi zinazoweza kulegea.

Unene wa karatasi moja

Ili kuelewa kwa nini uteuzi ni jambo zito, hesabu ndogo inatosha.

Darubini hushikwa na pete mbili, ya mbele na ya nyuma, zilizoachana kwa sentimita 10 hivi. Tuseme pete ya nyuma imerudishwa mahali pake ikiwa imehama kwa sehemu moja ya kumi ya milimita. Huo ni takriban unene wa karatasi moja ya kuandikia.

Mita 100 ni mara 1,000 ya sentimita 10. Kwa hiyo kosa hilo nalo huongezeka mara 1,000, na risasi huanguka sentimita 10 kutoka mahali palipolengwa. Kwa mita 200 kosa huwa sentimita 20.

Darubini nyingi za Ulaya hurekebishwa kwa hatua ambazo kila moja husogeza risasi sentimita moja kwa umbali wa mita 100. Maana yake ni kwamba unene wa karatasi unaharibu kazi ya hatua 10 za marekebisho.

Kosa la sentimita 10 halisimami peke yake. Huongezewa mtikisiko wa mkono, pumzi ya mwindaji aliyechoka kwa kutembea, na mnyama anayesogea. Kwa chui, ambaye kifua chake ni kidogo na ambaye aghalabu hujitokeza jioni mwanga unapofifia, kosa hilo linatosha kutenganisha mnyama aliyekufa na mnyama aliyejeruhiwa.

Hapa ndipo lilipo jambo la msingi. Watengenezaji hutangaza jinsi vibanio vyao vinavyofunguka kwa haraka, lakini karibu kila kibanio hufunguka kwa haraka. Ubora wa kibanio upo katika kurudi mahali palepale, mara ya kumi kama mara ya kwanza.

Aina zilizopo

Aina ya kwanza ni vibanio vya wenzo wa pembeni. Pete huwa na taya linalobana kitako cha chuma kilichokazwa juu ya bunduki, na wenzo mdogo hukaza au kulegeza taya hilo. Kampuni za Marekani kama Warne, Talley na Leupold zimetengeneza aina hii kwa miaka mingi. Ni rahisi kueleweka, na vipuri vyake hupatikana.

Aina ya pili hutumia kigingi. Chini ya kila pete pana kijiti cha chuma kinachoingia katika tundu la kitako, kisha wenzo hukifunga humo. Leupold hutengeneza aina hii pia. Faida yake ni kwamba baada ya darubini kuondolewa, kinachobaki juu ya bunduki ni kifupi na hakizuii kuona vilengeo vya chuma.

Aina ya tatu ni ya kuzungusha. Darubini huwekwa ikiwa imekaa kwa kukingama, mguu wa mbele huingia katika tundu, kisha darubini huzungushwa mpaka mguu wa nyuma ufungwe. Aina hii inahusishwa zaidi na mafundi wa Ujerumani, wakiwamo EAW. Ni imara sana, lakini huhitaji kufungwa na fundi wa bunduki mwenye ujuzi.

Aina ya nne ni ya ndoano, ambayo ni ya jadi zaidi. Asili ya jina lake ni mji wa Suhl nchini Ujerumani, maarufu kwa utengenezaji wa bunduki. Ndoano za chuma huingia katika vitako vilivyochongwa kwa mkono kwa ajili ya bunduki moja tu. Ikifanywa vizuri hudumu kizazi kizima, lakini gharama yake ni kubwa na haiwezi kuhamishiwa bunduki nyingine.

Ya tano ni ile iliyobuniwa pamoja na bunduki yenyewe. Kampuni ya Blaser ya Ujerumani, kwa mfano, hutumia kibanio kinachokaa juu ya mtutu kama tandiko katika bunduki zake za R93 na R8. Mwenye bunduki hizo hana sababu ya kutafuta aina nyingine.

Kuna pia reli ndefu yenye mifereji, iitwayo Picatinny, ambayo jeshi la Marekani liliipitisha kuwa kipimo rasmi mwaka 1995. Mifereji yake ina upana wa milimita 5.2 hivi, wakati ile ya reli ya zamani ya Weaver ina upana wa milimita 4.6 hivi. Kwa sababu hiyo, kibanio kilichotengenezwa kwa reli ya Picatinny huenda kisikae katika reli ya Weaver. Mnunuzi anapaswa kujua reli aliyonayo kabla ya kulipa.

Mambo ya kuzingatia Singida

Jambo la kwanza ni nguvu ya bunduki. Kanuni za uwindaji nchini zinataka bunduki isiyopungua .375 kwa wanyama hatari kama nyati na tembo. Bunduki ya kiwango hicho hurudi nyuma kwa kishindo, na darubini kwa uzito wake hutaka kubaki pale ilipokuwa. Kibanio ndicho kinachoilazimisha kufuata. Kinachofaa kwa bunduki ndogo ya kuwindia swala hakifai hapa. Chuma ni bora kuliko alumini katika sehemu zinazosuguana, na kitako kinapaswa kuwa na ukingo wa kukinga msukumo ili skrubu zisibebe mzigo wote.

La pili ni vumbi. Wakati wa kiangazi vumbi huingia kila mahali. Chembe moja ya mchanga iliyonaswa kati ya pete na kitako ina unene unaofikia au kuzidi ule wa karatasi uliotajwa. Kibanio chenye nyuso chache zilizo wazi, ambazo zinaweza kufutwa kwa kitambaa, ni bora kuliko chenye mashimo na pembe zisizofikiwa. Mafuta mengi hayasaidii, kwani huvuta vumbi.

La tatu ni matawi. Katika vichaka vya Itigi, wenzo unaochomoza hunaswa na kijiti na kufunguka bila mwenye bunduki kujua. Wenzo unaofaa ni mfupi, unaolala ubavuni mwa bunduki, unaoelekezwa nyuma unapofungwa, au wenye kufuli dogo. Aidha, uwe upande wa kushoto kwa bunduki ya mtumia mkono wa kulia, ili usizuie mkono unaovuta komeo wala ganda la risasi linalotoka.

La nne ni vilengeo vya chuma. Darubini ikiondolewa, mwindaji anapaswa kuviona bila kunyanyua shavu kutoka kwenye kitako cha bunduki. Reli ndefu na nene huweza kuvificha. Huweza pia kupunguza nafasi ya kuingiza risasi kwa juu, jambo lenye uzito pale nyati anapokuja mbio. Bunduki isiyo na vilengeo vya chuma haina haja ya kibanio cha haraka kwa ajili ya kichaka, kwa sababu darubini ikiondolewa hakuna cha kulengea.

La tano ni kimo na umbali wa jicho. Darubini iliyofungwa karibu mno na jicho humpiga mwindaji kwenye nyusi bunduki inaporudi nyuma. Kwa bunduki kubwa, nafasi ya sentimita 9 hadi 10 kati ya jicho na kioo ndiyo inayopendekezwa mara nyingi.

La mwisho ni kipimo cha bomba la darubini. Mengi yana kipenyo cha milimita 30 au inchi moja, ambayo ni milimita 25.4. Pete lazima zilingane na bomba. Kuziba nafasi kwa utepe au karatasi ni kukaribisha ajali.

Namna ya kujaribu

Kibanio hakiaminiwi kwa maelezo ya muuzaji. Hujaribiwa, na jaribio lenyewe ni jepesi.

Kwanza, skrubu zote hukazwa kwa kipimo kilichotolewa na mtengenezaji, kwa spana maalumu inayopima nguvu ya kukaza. Kukaza kupita kiasi huharibu bomba la darubini sawa na kulegeza kunavyoharibu shabaha.

Pili, risasi tatu hupigwa kwenye shabaha ya karatasi umbali wa mita 100, bunduki ikiwa imeegemezwa juu ya mfuko wa mchanga. Kisha darubini huondolewa, hurudishwa, na risasi tatu nyingine hupigwa. Zoezi hilo hurudiwa walau mara tano, kila kundi likiwekewa alama yake.

Kama katikati ya makundi yote hayapishani kwa zaidi ya sentimita tatu hivi, kibanio kinafaa. Makundi yakihamahama, kibanio hicho hakifai kwa wanyama hatari, hata kiwe na bei gani.

Tatu, vilengeo vya chuma navyo hujaribiwa, kwa umbali wa mita 25 na 50. Wapo wanaobeba vilengeo hivyo miaka mingi bila kujua risasi yao inaangukia wapi.

Jaribio la kina hufanywa nyumbani, kabla ya safari. Hata hivyo, ni desturi ya kambi za uwindaji kumtaka mgeni apige risasi chache za majaribio siku anayowasili, kwa sababu safari huweza kuvuruga kilichokuwa sahihi. Mwindaji anapaswa kuliona hilo kuwa sehemu ya kazi, si usumbufu.

Ni busara pia kutia alama ndogo ya rangi kwenye kitako na pete, ili darubini irudishwe katika mfereji uleule na upande uleule. Kila inaporudishwa, isukumwe mbele mpaka iguse ukingo kabla ya kufunga wenzo. Nyuso zifutwe kwanza.

Nani hulipa gharama ya kosa

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inamtaka aliyemjeruhi mnyama kufanya jitihada za kummaliza, na kutoa taarifa iwapo mnyama hatari ametoroka akiwa na jeraha. Sheria hiyo pia inakataza kuwinda usiku na kufyatua risasi kutoka ndani ya gari. Kwa hiyo mnyama akijeruhiwa jioni, muda wa kumfuata ni mfupi, na kazi huendelea alfajiri, kwa miguu.

Anayetangulia katika kazi hiyo si mwenye bunduki. Ni msaka nyayo, mara nyingi kijana wa vijiji vya jirani, anayeinama kutazama damu na alama za kwato huku akiwa hana silaha ya moto. Nyuma yake huwapo mwindaji bingwa mwenye leseni, askari wa wanyamapori na mgeni mwenyewe.

Mnyama asipopatikana, hatari huvuka mpaka wa pori. Wananchi wa vijiji kama Rungwa na Mwamagembe huishi jirani na mapori hayo. Warina asali wa Manyoni na Itigi, ambao asali yao inajulikana nchini kote, huingia vichakani kukagua mizinga yao. Nyati mwenye jeraha hambagui aliyempiga na aliyekuja kurina asali.

Wawindaji wenyeji wenye bunduki za kawaida aghalabu hawatumii darubini, na askari wanaofukuza tembo mashambani hutegemea zaidi vilengeo vya chuma. Hata hivyo, wengi wao ndio huitwa kusaidia pale mnyama aliyejeruhiwa na bunduki yenye darubini anapokaribia makazi ya watu.

Kwa msingi huo, mwindaji bingwa ana haki ya kukagua kibanio cha mgeni wake na kukataa kuingia naye kichakani iwapo kimeshindwa jaribio. Msaka nyayo naye ana haki ya kujua kwamba darubini ya mtu aliye nyuma yake imejaribiwa.

Mnunuzi anayesita kati ya vibanio viwili, kimoja chepesi kinachofunguka kwa sekunde moja na kingine kizito kinachofunguka kwa sekunde tano lakini hurudi mahali pake kila mara, hana haja ya kusita. Sekunde nne zinaweza kupatikana kabla ya kuingia kichakani, wakati msafara umesimama na kila mtu anakagua silaha yake. Sentimita 10 zilizopotea kwenye risasi ya kwanza hazipatikani tena.